Nanasi Lilivyomla Vidole Mama Macho

Jua bado linajikokota nyuma ya mapaa ya maduka, lakini kisu cha Mama Macho kimeshaingia kazini. Nanasi limelala kwenye kiganja chake cha kushoto, shingo chini, nalo linazunguka taratibu. Ganda linaanguka vipande virefu kwenye ndoo iliyo miguuni pake. Akimaliza ganda, anatua, analitazama tunda pande zote, kisha anaanza ile kazi iliyompa jina.

Macho ya nanasi, vile vitone vya kahawia vilivyojichimbia ndani ya nyama ya tunda, yeye hayachokoi moja moja. Yamejipanga mshazari, naye anayafuata kwa mshazari huohuo. Anakata mfereji upande huu, mfereji upande wa pili, na msururu mzima unatoka mara moja, kama shanga ambazo uzi wake haujakatika.

"Ukiyaacha macho, mteja atayaona kwa ulimi," anasema bila kuinua uso.

Vipande vinatumbukia kwenye ndoo ya maji ya chumvi, vinakaa humo kidogo, vinaopolewa, vinasuuzwa, vinapangwa kwenye sahani chini ya kifuniko cha wavu. Kila kitu ni kama kilivyokuwa miaka yote. Kilichobadilika ni mkono wa kushoto. Umevaa glavu ya mpira, ya njano, ya kuoshea vyombo.

"Mwaka jana ungeniletea hii ningekuambia mimi si daktari," anasema, na kucheka. "Nanasi lilikuwa bado halijanifundisha adabu."

Meza yake ipo kwenye kona, hatua chache kutoka lango la zahanati. Kulia kwake hukaa fundi viatu, mzee mfupi mwenye maneno marefu. Kushoto ni mchoma nyama, ambaye jiko lake halifuki moshi mpaka mchana. Wauguzi, wagonjwa, madereva na wapita njia wote hupita hapo, na wengi hawapiti bila kusimama.

Meza aliirithi kwa mama mkwe wake, miguu ilipoanza kumgomea bibi huyo. Alikabidhiwa meza, kisu, ndoo mbili na amri moja: asiuze nanasi ambalo halijapita kwenye maji ya chumvi.

"Sikuuliza kwa nini," anasema Mama Macho. "Nilikuwa bado bi harusi. Mama mkwe akisema chumvi, unasema chumvi."

Siku njema humenya mananasi kama arobaini. Siku ya mvua hata kumi na tano hayafiki. Hesabu yake ni fupi: katika kila mananasi kumi, manane hurudisha mtaji, hulipa mbeba mzigo na muuza maji. "Mawili yaliyobaki ndiyo wanayokula wanangu," anasema. Wanawe ni watatu, na wote wako shule.

Wateja wamemuuliza swali moja miaka nenda miaka rudi: mbona nanasi linawasha mdomo? Embe bivu haliwashi, ndizi haiwashi, tikiti ndiyo kabisa, ni maji yenye rangi. Mbona nanasi, tamu vile, ukila mengi ulimi unakuwa kama umelamba msasa?

"Nilikuwa nawajibu kwamba nanasi lina wivu. Halipendi kuliwa na mtu mmoja, linataka ugawane na jirani," anasema. "Walikuwa wanacheka, wananunua la pili. Mimi nikaona jibu linauza, la nini kutafuta lingine?"

Jibu lingine lilimtafuta lenyewe, na lilimjia kupitia vidole.

Ilianza na habari njema. Mjini lilikuwa linajengwa soko jipya lenye paa na bomba la maji, vibanda vikiwa na milango ya kufunga kwa kufuli. Pamoja na habari njema ikaja nyingine, ya kutikisa: soko likifunguliwa, meza zote za kwenye kona zingeondolewa. Aliye na kibanda angehamia, asiye nacho angejua mwenyewe pa kwenda.

Mama Macho alijiandikisha mapema, na jina lake likatoka miongoni mwa waliopata. Kilichobaki kilikuwa kwenda ofisi ya soko kuweka kidole gumba kwenye mashine, ili kibanda kiwe chake rasmi. Alivaa gauni lake la kwendea harusini. Akanawa mikono mara mbili.

Karani alikuwa kijana mpole mwenye mafua. Alimwonyesha kioo kidogo chenye mwanga.

"Weka hapa, mama."

Akaweka. Taa ikawaka nyekundu. Akaweka tena, nyekundu. Wakajaribu gumba la pili, ikawa yaleyale.

"Mama, vidole unavyo, lakini mashine haivioni," karani akasema.

"Kwani inataka kuona vya nani, mwanangu? Mimi nimekuja na hivi tu."

Watu kwenye foleni wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Lakini karani alipouvuta mkono wake karibu na dirisha, kicheko kilikwisha. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa. Ile mistari midogo ambayo kila mtu huzaliwa nayo ilikuwa imefutika, kama maandishi ya ubaoni yaliyopitiwa na kitambaa.

Karani hakumfukuza. Alimwambia amewahi kuona hivyo kwa wafyatua matofali, na kwamba kwa baadhi yao mistari ilirudi walipopumzika. Orodha ingefungwa mwisho wa mwezi. Kama vidole vingerudi kabla ya hapo, kibanda ni chake. Kama visingerudi, angepewa anayefuata.

"Pumzisha mikono, mama. Paka mafuta. Unafanya kazi gani?"

"Namenya mananasi."

Karani akapenga kamasi, akafikiri. "Basi pumzika kumenya," akasema.

Alirudi kwenye kona akiwa ameikunjia mikono kwenye khanga kama mtu aliyeiba. Fundi viatu akamwuliza kulikoni. Alipoeleza, baraza likakaa hapohapo, bila ajenda wala mwenyekiti.

Mchoma nyama ndiye aliyefungua njia, ingawa mwenyewe hakujua. Kwa miaka mingi amekuwa akichukua maganda na mioyo ya mananasi kutoka kwenye ndoo ya Mama Macho. Huikamulia nyama ngumu kabla ya kuichoma.

"Inalainika upesi hiyo," alisema. "Ila usijisahau. Mara moja nililala nikaiacha kutwa nzima. Niliporudi kwenye beseni sikukuta nyama, nimekuta uji."

Dada wa maabara wa pale zahanati alikuwa amesimama, kipande mkononi, anasubiri chenji. Ni mteja wa siku zote. Akaacha kutafuna.

"Sasa ulimi nao si nyama?" akauliza.

Fundi viatu akatoa ulimi wake nje akautazama kwa makengeza, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukutana nao.

Dada wa maabara akawaeleza, kipande bado mkononi. Nanasi lina kimeng'enya, kitu kinachofanya kazi kama ile ya tumbo: kuvunjavunja nyama. Ukilitafuna, nalo linakutafuna. Tena lina sindano ndogo mno, jicho haliwezi kuziona, zinazotoboa ngozi ya ulimi vitundu vidogo, kisha uchachu wa tunda unaingia humo. Ndiyo maana linawasha, na maji ya chumvi hupunguza tu makali hayo. Lakini ulimi haukosi ngozi mpya, na mate hayalali. Mtu akiacha kula, baada ya muda anakuwa mzima, anasahau, ananunua tena.

"Kumbe wateja wangu wananirudia kwa sababu wamesahau!" Mama Macho akasema.

"Na vidole vyako vimekula nanasi kila siku bila mapumziko," dada wa maabara akasema. "Ulimi wa mteja unapumzika. Mikono yako ilipumzika lini?"

Mama Macho akaifunua mikono kutoka kwenye khanga, akaigeuza huku na huku.

Fundi viatu naye akaona ndio wakati wa kudai haki yake. Yeye akila nanasi, hata kipande kimoja, midomo huvimba na koo humbana, na Mama Macho alishakataa kumuuzia. "Basi na mimi naliwa kama wengine," akasema. "Kwa nini mnanibagua? Nipe lililolala kwenye chumvi sana."

"Wewe ni kesi nyingine, mzee wangu," dada wa maabara akamkata. "Hao linawawasha. Wewe mwili wako unalikataa, na koo likibana si jambo la kuvumilia wala la kujaribu tena. Unakuja kwetu mbio. Huyu si wa kutiliwa chumvi, Mama Macho. Huyu ni wa kunyimwa."

"Ndiyo maana namuuzia tikiti," akajibu Mama Macho. "Na tikiti lenyewe analikopa."

Ilibaki kujua nani angemenya. Kufunga meza hakukuwezekana. Mteja ni kama njiwa, ukimnyima mtama leo, kesho yuko paa la jirani. Mume wa Mama Macho ni fundi rangi, na kwa bahati msimu ulikuwa wa mvua, kuta zimelowa, kazi hakuna. Akajitolea.

"Kupaka ukuta na kumenya nanasi, vyote ni mkono," alijigamba. Leo anapokumbushwa maneno hayo hujikuna kisogo.

Siku ya kwanza nusu ya tunda ilikwenda na ganda. Siku ya pili akaona hasara, akamenya juujuu, macho yakabaki yote. Muuguzi mmoja akakinyanyua kipande, akakichunguza.

"Shemeji, hili limenyolewa au limeamka hivihivi?"

"Ndevu ni urembo," fundi rangi akajibu.

Mama Macho alikuwa amekaa pembeni juu ya kreti, mikono imepakwa mafuta, imelazwa mapajani kama ya mgeni. Ameapa hataigusa kazi. "Nilikuwa naona kila kosa," anasema. "Mikono yangu ilikuwa inawasha kuliko ndimi za wateja."

Kosa kubwa hakuliona. Asubuhi ya siku ya tatu, yeye akiwa amekwenda kumpeleka mtoto wa mwisho shule, mume alikuta ndoo ya maji yenye ukungu chini ya meza. Akadhani ni maji machafu ya jana. Mtu wa usafi yeye, akayamwaga mtaroni. Akajaza maji safi ya kunywa, akasimama kifua mbele. Vipande vya siku ile vilitoka na macho yake yote, na havikuonja chumvi hata punje.

Mchana haukufika. Dereva wa gari la wagonjwa alikuja mezani ametoa ulimi nje, kama anayepeleka kielelezo mahakamani. Nyuma yake wauguzi wawili. Mmoja alikuwa amekula sahani nzima na sasa hata chai ilikuwa inamchoma.

"Shemeji, umetuuzia nini? Misumari?"

"Mananasi ni yaleyale!" fundi rangi akalia. "Na maji nimebadilisha kabisa, safi, ya kunywa!"

Mama Macho, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi, akainama chini ya meza. Akachovya kidole kwenye ndoo, akaonja. Akamgeukia mumewe.

"Baba watoto," akasema polepole, "yale maji uliyoyamwaga ndiyo yanayonipa wateja."

Siku hiyo mume hakugusa kisu tena. Mtu mmoja alikuwa ameanza kuuza mananasi ng'ambo ya barabara, na baadhi ya wateja walishavuka. Jioni, nyumbani, Mama Macho aliitazama mikono yake chini ya taa. Mistari ilikuwa bado haijaanza kurudi. Akaanza kufikiri kwamba labda ni afadhali apoteze kibanda kuliko kupoteza vyote viwili.

Kesho yake, kabla hajaamua, mama mkwe akashuka kutoka kwenye pikipiki mbele ya meza, fimbo mkononi.

Aliketi juu ya kreti, akamtazama mwanawe akishika kisu kwa woga.

"Hilo ni nanasi, mwanangu, au unachonga kinyago?"

"Mama, nimejaribu."

"Naona. Hata nanasi linaona, ndiyo maana macho umeliachia. Geuza shingo chini. Sasa fuata mshazari. Usilikimbize, halikimbii."

Kwa wiki mbili bibi huyo alifika kila asubuhi. Hakugusa tunda. Alielekeza kwa ncha ya fimbo, mfereji kwa mfereji, na chumvi aliipima mwenyewe kwa kiganja. Mume akanyooka. Wateja wakaanza kurudi, kwanza mmojammoja, wakichungulia sahani kwa mashaka, halafu kwa mafungu. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa wa mwisho, na alionja kwa ncha ya ulimi kama anayepima umeme.

Ni katika siku hizo mkwe na mkamwana walipolinganisha mikono. Bibi alifunua viganja vyake. Hata baada ya miaka ya kupumzika, vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

"Mimi nilikuwa natia saini kwa kalamu," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniomba kidole. Ningejua wapi?"

Kisha akasema jambo ambalo mkamwana wake hakuwahi kulisikia. Zamani alikuwa anaonja kipande kimoja katika kila shehena, kujua kama ni tamu. Kinywa kikavumilia, kikavumilia, mwisho kikakataa. Tangu ujana wa mwanawe hajala nanasi. Alilichagua kwa kunusa na kwa kubonyeza, akawauzia watu utamu, yeye akarudi nyumbani akala ndizi.

"Na nilikuwa nalipenda," aliongeza, akitazama barabarani.

Siku chache kabla ya orodha kufungwa, Mama Macho alirudi ofisini. Gauni lilelile la kwendea harusini. Safari hii mumewe alimsindikiza, akasimama mlangoni na vidole vyake vimejaa plasta.

Karani alimkumbuka. Akafuta kioo kwa kitambaa. Mama Macho akaweka gumba.

Nyekundu.

Akaweka tena, akabana midomo. Nyekundu. Nyuma yake mtu akaguna. Mama Macho anasema hapo aliiona ile kona bila meza, na wanawe watatu wamesimama hapo.

Karani akauchukua mkono wake, akautazama dirishani. Mistari ilikuwepo, myembamba, lakini ipo. Akatazama namna mama huyu alivyokuwa akiikandamiza mashine, kucha zimekuwa nyeupe.

"Mama," akasema kwa upole, "hapa hatupimi kama limeiva. Gusa tu."

Ni kweli, anasema Mama Macho. Kila kitu cha mviringo na laini yeye hukibonyeza. Ni mazoea ya miaka. Akavuta pumzi, akaliweka gumba juu ya kioo jinsi mtu anavyomgusa mtoto aliyelala.

Taa ikawaka kijani.

Mlangoni mume akapiga makofi, akakumbuka vidonda vyake, akaacha.

Soko jipya linafunguliwa baada ya wiki chache. Kibanda cha Mama Macho kiko safu ya kwanza baada ya bomba, na fundi rangi ameshakipaka mwenyewe, njano chini na kijani juu, ili mtu akikitazama kwa mbali aone nanasi. Fundi viatu naye amepata chake, mkabala. Anasema alipangiwa hapo kwa bahati, ila kuna wanaosema alibadilishana na mtu.

Glavu haitoki tena mkononi akiwa kazini. Alama ya kidole itahitajika kila mwaka kuhuisha kibanda, na Mama Macho hana nia ya kumpa nanasi nafasi ya pili. Siku mbili kwa wiki mume ndiye anayemenya, na wateja wanasema mifereji yake sasa imenyooka, ingawa bado anakwenda taratibu kama anayepaka rangi kingo za dirisha.

Mteja akiuliza mbona linawasha, haambiwi tena habari za wivu. "Linakula nawe, usiliachie muda," huambiwa. "Kula la kutosha, kunywa maji, upumzishe ulimi. Na koo likikubana, usinunue kwangu tena, nenda hapo zahanati."

Lakini kinachomfanya asubiri siku ya ufunguzi kwa hamu si bomba wala paa. Kwenye kona linaruhusiwa jiko moja tu, la mchoma nyama. Kibandani kuna pembe ya kuweka jiko. Dada wa maabara alimwambia kwamba moto hukiua kile kimeng'enya, na nanasi lililopikwa haling'ati kama bichi. Basi Mama Macho amenunua sufuria. Anataka kupika mananasi vipande vipande, na sukari kidogo, awauzie wenye vinywa vinavyowashwa upesi, watoto na wazee wanaopita wakinusa tu na kuendelea na safari.

"Sufuria ya kwanza siiuzi," anasema, akivua glavu. "Ya kwanza ni ya Mama."

Mama mkwe, aliyekaa juu ya kreti lake mkono kwenye fimbo, anajifanya hasikii. Anatazama sahani iliyojaa vipande vya njano chini ya wavu. Anaitazama muda mrefu kidogo kuliko mtu asiye na haja.

"Hiyo sufuria ya kwanza," anasema mwisho, "usiitie chumvi."